Mafunjo: pambo la ua, chujio la bonde

Katika miji yetu ya chini ya Mlima Kenya, kuanzia Kutus hadi Karatina na Nyeri, wauza miche wa kando ya barabara hawakosi kuwa na mmea mmoja usiofanana na mingine. Una bua refu la kijani lisilo na jani hata moja, na juu kabisa shungi la nyuzi nyembamba zilizotawanyika kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Hilo ni funjo. Jamaa yake mdogo, ambaye vijani vyake bapa vimejipanga kama mbavu za mwavuli, huuzwa hapo hapo, na wengi humwita tu mmea wa mwavuli.

Watu wa mjini hununua mimea hii wakaiweka kwenye beseni zuri mbele ya nyumba. Jambo la kuchekesha ni kwamba mtu huyo huyo akienda kijijini kumwona nyanya yake, atamkuta mjomba yuko bondeni na panga, anafyeka jamaa za mmea ule ule ili apate mahali pa kupanda nduma.

Nasema jamaa kwa sababu ukoo wenyewe ni mkubwa. Ndago inayokusumbua shambani ni wa ukoo huo, na kadhalika magugu mengi yanayowatoa jasho wakulima wa mpunga kule Mwea. Ukitaka kuwatambua, kata bua ulizungushe kati ya vidole. La nyasi aghalabu ni duara na tupu ndani, ilhali la ndago na la funjo lina pembe tatu na limejaa ute mweupe kama sponji. Mwanafunzi wa bayolojia anaweza kujaribu leo hii kabla ya chakula cha mchana.

Funjo, ambalo wataalamu huliita Cyperus papyrus, ndilo jitu la ukoo huo. Pahali penye maji ya kutosha hufika mita 4 au 5. Ndilo lililowapa Wamisri wa kale karatasi, na lugha nyingi za Ulaya zimechukua jina la karatasi kutoka kwake. Hata neno letu “karatasi”, lililotujia kupitia Kiarabu, asili yake ya mbali ni neno la Kigiriki la ukurasa wa mafunjo. Kule Misri kwenyewe mmea huu ulikuwa umekaribia kutoweka, hadi Hassan Ragab alipoleta miche kutoka Sudan katika miaka ya 1960 na kuanza upya kutengeneza karatasi hiyo. Sisi hatujafikia hali hiyo. Mafunjo bado yapo kando ya Ziwa Victoria, na huko Dunga, Kisumu, watu husuka mikeka na vikapu kutokana nayo. Hata hivyo, Naivasha sehemu kubwa ya mafunjo ya kandokando ya ziwa imetoweka.

Sasa tuje kwenye kazi yake, maana hapa ndipo wengi wetu hatujui. Mashina ya funjo hutambaa na kushikana matopeni, au hata juu ya maji, yakafanya mkeka mnene wa mizizi. Maji machafu yakipita humo hupunguza mwendo na kuacha tope lake. Kwenye mizizi wamo vijidudu wasioonekana kwa macho, na hao ndio wanaokula uchafu. Mmea nao hufyonza mbolea ya naitrojeni na fosforasi ili ujijenge. Kwa hiyo sifa si ya funjo peke yake, bali funjo ndilo lenye nyumba na hao vijidudu ni wapangaji wake.

Ukitaka kujua thamani ya kazi hiyo, tazama Kampala. Maji machafu ya mji ule hupitia kinamasi cha Nakivubo kabla ya kuingia katika Ziwa Victoria, ambako mji huo huo huteka maji yake ya kunywa. Mwaka 1999 wataalamu wa uchumi walikadiria kwamba usafishaji unaofanywa na kinamasi hicho una thamani ya kati ya dola milioni 1 na milioni 1.75 kila mwaka. Hakuna aliyekuwa akikilipa hata senti. Na kilichotokea baadaye ni kwamba sehemu kubwa ya mafunjo yake ilifyekwa, pakalimwa magimbi, yaani ndugu wa hizi nduma zetu, na pengine pakajengwa.

Hapo ndipo Nakivubo inapotuhusu sisi wa Kirinyaga. Mito ya Thiba na Nyamindi ndiyo inayonywesha mashamba ya mpunga ya Mwea, kisha Thiba huendelea hadi kwenye bwawa la Kamburu, linalotoa umeme tangu 1974. Vijito vinavyoilisha mito hiyo hupita katika mabonde madogo yaliyokuwa yakijaa matete na jamii za ndago. Ukichimba mfereji katikati ya bonde kama hilo ukapanda nduma, maji hukimbilia mferejini yakabeba udongo na mbolea. Nduma haina mkeka wa mizizi wa kuyazuia.

Sitaki kukudanganya, msomaji. Nduma inalipa karo, na bonde la matete halilipi. Anayemwambia mama mwenye watoto watatu shuleni aache kulima bondeni, na yeye mwenyewe anakula nduma kwa chai kila asubuhi, hana haya. Lakini kati ya kulima na kufyeka kila kitu kuna nafasi. Kanuni za mwaka 2009 za kulinda vinamasi na kingo za mito zinataka ukingo wa mto usilimwe kwa upana usiopungua mita 6 na usiozidi mita 30, ikitegemea mto wenyewe. Mita 6 si kitu kikubwa, ni kama urefu wa matatu moja. Zikiachwa na majani yake ya asili, au zikipandwa mafunjo mahali yaliposhafyekwa, udongo mwingi utakwama hapo hapo. Na tafadhali usiweke mikaratusi. Mwaka huo huo wa 2009, aliyekuwa Waziri wa Mazingira, John Michuki, aliagiza ing'olewe karibu na chemchemi na mito, kwa sababu kiu yake inajulikana.

Nawe wa mjini usidhani shughuli hii ni ya watu wa shamba tu. Nairobi, mwaka 1994, palijengwa kinamasi cha kutengenezwa cha Splash, chenye ukubwa wa kama nusu hekta, kwa ajili ya maji machafu ya mikahawa ya Carnivore, na maji yaliyosafishwa yakawa yanatumika tena. Webuye nako, kabla ya kiwanda cha karatasi kufungwa mwaka 2009, watafiti walipanda mafunjo kwenye vitanda vya kokoto kujaribu kuchuja maji ya kiwanda hicho. Mama wa karatasi aliitwa aje asafishe uchafu wa karatasi!

Mwenye ploti pale Kutus, pengine amepangisha wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kirinyaga, anaweza kufanya jambo hili kwa udogo. Nazungumzia maji ya kuogea na kufulia. Ya choo yaache kabisa, hayo yana taratibu zake. Chimba kitanda kirefu chenye kina cha nusu mita, ukikadiria mita mraba moja hadi mbili kwa kila mtu wa nyumbani. Tandika karatasi nzito ya nailoni chini na ubavuni, kisha jaza kokoto. Maji yapitie kwanza kwenye pipa la kunasia mafuta, nywele na masalio, kwani bila hilo kokoto zitaziba katika muda mfupi. Panda vipande vya shina, kila kimoja kikiwa na machipukizi mawili au matatu, na uvinunue kwa muuza miche badala ya kung'oa kinamasini. Ipe mizizi miezi mitatu hivi ishike vizuri. Dawa ya kung'arisha nguo usiimwage humo, itawaua wale wapangaji.

Hakikisha maji yanabaki chini ya uso wa kokoto. Sehemu zetu hizi za Mwea na jirani zake zina malaria na kichocho, na hatuna haja ya kuwajengea mbu na konokono hoteli. Kwa sababu hiyo hiyo, beseni la maji lililo mbele ya nyumba limwagwe na kujazwa upya kila wiki. Maji yatokayo kitandani yaelekeze kwenye migomba, wala usinyweshee dania au nyanya za kachumbari.

Asiye na ua, ila dirisha tu, achukue ule mmea wa mwavuli. Watoto hufurahia sana kuuzalisha. Kata kichwa kimoja pamoja na kipande kifupi cha bua, punguza vijani hadi nusu, kisha kipindue ndani ya glasi ya maji, kichwa kikiwa chini. Baada ya wiki chache mizizi hutoka na machipukizi mapya huinuka.

Mafunjo ya kitandani hukatwa mabua yanapoanza kugeuka kahawia. Yakiachwa yaoze humo, ile mbolea yote yaliyofyonza hurudi majini. Majani ya juu yanafaa kufunika udongo shambani. Bua la kijani nalo, ukilimenya na kuupasua ute wake mweupe vipande vyembamba, uviloweke siku mbili tatu, uvipange safu moja ya wima na nyingine ya mlalo, kisha uvigandamize kwa jiwe kati ya vitambaa ambavyo utabadilisha kila siku hadi vikauke. Kitakachotoka ni karatasi yenye rangi ya chai ya maziwa, na wino huteleza juu yake bila taabu ukifuata nyuzi.