Lenzi Kuukuu Kwenye Kamera Mpya: Hazina au Mzigo?

Wahenga walitahadharisha kuwa usiache mbachao kwa msala upitao. Usia huu aghalabu hupuuzwa katika upigaji picha, ambako lenzi za kamera za filamu hutupwa pamoja na kamera zenyewe. Ukweli ni kwamba lenzi haizeeki sawia na kamera yake.

Kwa muda mrefu kikwazo kilikuwa umbali. Kila lenzi hutakiwa kukaa umbali maalumu kutoka kwenye filamu ili taswira iwe bayana. Helios 44-2, lenzi iliyoundwa katika Muungano wa Kisovieti, huhitaji takribani milimita 45.5, kwani kamera zake zilikuwa na kioo kilichohitaji nafasi ya kupanda na kushuka. Kamera za dijitali zisizo na kioo hicho, zilizoshamiri baada ya mwaka 2008, zimefupisha umbali huo. Zile za Sony za aina ya E, zilizozinduliwa mwaka 2010, huhitaji milimita 18 pekee. Tofauti ya milimita 27.5 huzibwa na pete tupu ya chuma.

Wapinzani hudai kuwa lenzi hizi haziwasiliani na kamera, hivyo mpigapicha hulazimika kulenga na kurekebisha tundu la mwanga kwa mkono. Dai hili ni kweli. Mwanahabari anayenasa mbio za riadha ana haki ya kuchagua lenzi mpya. Isitoshe, kuvu huota ndani ya lenzi iliyowekwa penye unyevu, kwa hiyo mnunuzi hana budi kuimulika kwa tochi kabla ya kulipa. Hata hivyo, anayepiga picha ya mtu aliyetulia ana wasaa wa kutosha wa kulenga kwa mkono.

Watetezi nao huzidisha chumvi wanaposema kuwa lenzi za kale zina roho. Mandharinyuma yanayoonekana kuzunguka kama kimbunga, sifa kuu ya Helios, ni zao la kasoro katika muundo wake. Thamani hutokana na mpigapicha kuichagua kasoro hiyo kwa kusudi. Jambo hili si geni kwa msomi wa ushairi: inkisari hutokana na ulazima wa mizani, lakini mikononi mwa malenga stadi hugeuka pambo.

Kamera ya leo itapitwa na wakati kama ya jana ilivyopitwa. Lenzi iliyotunzwa itahamia kwenye kamera ijayo. Kuitupa kwa sababu ya umri wake tu ni kufuja mali.