Msinitumie Picha za Madarasa

Wazee wangu, rika langu na wadogo zangu wa Nachingwea na Ruangwa, nawaandikia kutoka huku Reading, England.

Picha mlizotuma kwenye kundi letu la WhatsApp nimezitazama zote. Vyumba vipya, madirisha ya aluminiamu, vigae, bati la buluu, halafu ile karatasi ya matokeo ya darasa la saba iliyobandikwa ukutani. Shule yetu ya mtaani, iliyokuwa ikichekwa mji mzima, sasa inatajwa kwa heshima. Mnauliza sisi wa ughaibuni tutachanga kiasi gani. Wapo pia wanaosema fedha ziende kwa watoto wa ndugu wanaosoma shule za mchepuo wa Kiingereza, kwa kuwa shule ya serikali ni ya serikali. Wa Ruangwa nao wana mjadala huohuo kuhusu shule yao, ndiyo maana nawaandikia wote pamoja.

Kwamba shule imepanda, sibishani. Tuliosoma pale tulikalia tofali na wengine tulikalia udongo. Ila picha ya darasa jipya inaniambia kwamba serikali ilipata fedha na fundi akaimaliza kazi. Mtoto anayeingia humo kajifunza nini, hapo picha iko kimya.

Nachingwea tuna historia na jambo hili la kuhesabu vinavyoonekana badala ya mavuno. Mwaka 1947 Waingereza walikuja kulima karanga, na wakubwa wao London wakawa wanauliza ekari ngapi zimefyekwa. Matrekta yakaja, reli ikajengwa kutoka Mtwara hadi kwetu. Walipokata tamaa mwaka 1951, pauni milioni 36 zilikuwa zimepotea, na karanga zenyewe zilikuwa kichekesho. Reli nayo ikang'olewa. Nikiona ripoti ya shule imejaa idadi ya vyumba na matundu ya vyoo, nazikumbuka zile ekari.

Mtasema basi tazama ufaulu. Haya, tuutazame. Mwaka 2012 waliofaulu darasa la saba nchi nzima walikuwa kama 31 kwa kila 100. Mwaka 2022 walikaribia 80. Sehemu ya kupanda huko ina sababu ninazoziamini. Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulipunguzwa masomo ili mtoto azishike kwanza KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na mkoa wetu wa Lindi ulikuwa ndani ya mpango wa EQUIP-Tanzania uliowanoa walimu wa madarasa ya chini kuanzia 2014. Lakini mnazijua pia njia nyingine za kupandisha asilimia, maana wengine mmezitumia. Walimu hodari wote wanapelekwa darasa la saba. Kambi inaanzishwa, na mzazi anadaiwa mchango wa kambi. Mtoto mzito anarudishwa darasa. Mtoro sugu anaachwa apotee kimyakimya, kwa sababu asiyekaa kwenye chumba cha mtihani hahesabiwi kuwa amefeli.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili, na yote hayahitaji mtaalamu kutoka Dodoma.

La kwanza ni rejista. Mwanafunzi aliyeingia darasa la kwanza 2019 alitakiwa kufanya mtihani wa darasa la saba 2025. Waliandikishwa wangapi, na waliofika ni wangapi? Ondoeni waliohama kwa barua ya uhamisho, waliobaki muwatafute kwa majina. Wako wapi? Nani yuko machimboni, nani anauza karanga stendi, nani aliozwa, nani alipata mimba na hakuambiwa kwamba tangu Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shuleni? Shule ya mtaa wenye hali ngumu inayovusha 70 kati ya 100 walioanza, wakafaulu 50, mimi naiona bora kuliko ile inayobakiza 40 wakafaulu wote. Kwenye karatasi ya ukutani, ya pili ndiyo yenye asilimia 100.

Na harakisheni hesabu hii, kwa sababu mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja kwa mujibu wa mtaala mpya. Baada ya hapo kulinganisha matokeo ya mwaka na mwaka kutakuwa vurugu.

La pili ni kusoma. Watu wa utafiti wa Uwezo walipoanza kupita nyumba kwa nyumba miaka ya 2010 na 2011, waligundua kwamba watoto watatu tu kati ya kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Nchi ilishtuka. Kipimo chao kilikuwa karatasi moja na mtu mwenye subira, nasi tunakiweza. Chukueni rejista ya darasa la tatu, mchague jina moja kila baada ya majina matano, mwalimu asiwachagulie. Kila mtoto asome aya moja, aulizwe maswali mawili. Asubuhi moja inatosha. Rudieni mwaka unaofuata kwa darasa la tatu jipya. Hapo tutajua kama shule inapanda kutoka chini au imepakwa rangi juu.

Mwende lini? Hapa ndipo nawaomba mfikirie kama watu wa kusini. Mkienda Julai mtakuta madarasa yamejaa. Nendeni mwishoni mwa Oktoba, wakati minada ya korosho ya ushirika wetu wa RUNALI imechachamaa na kila mwenye mikorosho anataka mikono ya kuokota. Mtaa wetu ni wa vibarua. Mzazi asiye na shamba lake anaokota la mwenzake, na mtoto anamfuata kwa sababu nyumbani hakuna chakula cha mchana. Mwalimu mkuu anayefanikiwa kuwabakiza watoto darasani Oktoba na Novemba amefanya kazi kubwa, na hakuna karatasi ya Baraza la Mitihani itakayoionyesha.

Wa Ruangwa, msije mkacheka Nachingwea kwa sababu mlikuwa na mbunge aliyekaa kwenye uwaziri mkuu takriban miaka 10, tena mwalimu kwa taaluma. Wivu tunao, tunakiri. Lakini lami na uwanja wa mpira havimfundishi mtoto silabi. Na nyote mnaokaa mjini, msijipime na shule ya kijijini Kilimarondo, ambako mwalimu akiripoti leo kesho anaulizia gari la kurudi.

Kuipima shule kwa haki hakujatushinda sisi peke yetu. Januari 2023, hapahapa Reading, mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya Caversham alijiua baada ya wakaguzi kuipa shule yake daraja la chini kabisa kwa neno moja. Mahakama ikasema ukaguzi ulichangia, na Septemba 2024 serikali ikafuta utaratibu wa kuihukumu shule nzima kwa neno moja. Mwezi uleule wa Januari 2023 Baraza letu la Mitihani, NECTA, nalo liliacha kutangaza shule kumi bora. Nafurahi. Ila kuacha kutangaza mshindi hakutuondolei wajibu wa kujua mtoto wa jirani anasoma au hasomi.

Jingine la huku ninalolitamani ni fedha. Shule za England zinaongezewa fedha kwa kila mtoto wa familia maskini. Mwaka 2024 kwa shule ya msingi zilikuwa pauni 1,480 kwa mtoto. Kwetu ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, awe mtoto wa mfanyabiashara au wa kibarua, na 6,000 ndizo zinazofika shuleni, nyingine zinabaki kwa vitabu. Shule ya watoto 600 inabaki na laki tatu kwa mwezi. Chaki, mitihani ya ndani, kitasa kilichovunjika, vyote humo.

Msimamo wangu basi ni huu. Nisihesabiwe kwenye vigae wala geti. Nitachangia uji wa Oktoba na Novemba, na vitabu vya hadithi vya darasa la kwanza na la pili, vikae mikononi mwa watoto na si kabatini kwa mwalimu mkuu. Kamati ya shule ikiitisha mkutano wa wazazi, simameni mwombe hesabu ya rejista na siku ya kuwasikiliza watoto wakisoma. Mwalimu mkuu asichukuliwe kama mshtakiwa, maana huenda ndiye atakayefurahi kuliko wote. Majibu yatumeni kwenye kundi hata yakiwa mabaya, tena yakiwa mabaya ndipo nitakapoongeza mchango wangu.