Rubani wa Poplar

Richard Bong, aliyelelewa shambani katika kijiji cha Poplar, Wisconsin, akaja kuziangusha ndege 40 za Wajapani, idadi ambayo hapana rubani mwingine wa Marekani aliyeifikia, alifariki tarehe 6 Agosti 1945, siku ile ile Hiroshima ilipopigwa bomu, akiijaribu ndege ya jeti huko California.

Makumbusho yake mjini Superior yana ndege ya P-38, mfano wa ile aliyoirusha, iliyopambwa kwa sura ya mchumba wake Marge, na, kwa insafu tunayoisifu, yanahifadhi pia kumbukumbu za askari wa kawaida. Lakini taadhima ya shujaa haipungui hata chembe wakikumbukwa waliokuwamo ndani ya zile ndege 40. Nao wanastahiki kutajwa.