BUSTANI YETU: Kuotesha Mizizi Juu ya Mti



Mwalimu mmoja ametuandikia akiuliza kama mtu aweza kuupata mti mdogo wa chunguni, wa namna ile ambayo Wajapani huiita bonsai, pasipo kungoja nusu ya maisha yake. Twamjibu kwamba yawezekana, tena njia yenyewe si ngeni kabisa kwetu, kwa maana wako wakulima wa malimau na mapera waitumiao kupata miche.

Kwanza neno lenyewe. Bon ni sinia au chombo kifupi, na sai ni kupanda. Basi bonsai si jamii ya mti, bali ni mti wowote uliotunzwa katika chombo kidogo, ukakatwa na kuelekezwa miaka mingi hata ukaonekana kama mzee wa msituni, ijapokuwa haufiki kiunoni mwa mtu. Wako waliouziwa “mbegu za bonsai”. Hao wamenunua mbegu za miti ya kawaida kwa bei isiyo ya kawaida.

Mali ya mti wa namna hii ni uzee wake. Mjini Washington, Marekani, uko msunobari mmoja ulioanza kutunzwa mwaka 1625. Siku ya bomu la atomiki, mwaka 1945, ulikuwa Hiroshima katika bustani ya jamaa ya Yamaki, ukapona nyuma ya ukuta. Na mwaka 1976 Bwana Masaru Yamaki akautoa uwe zawadi kwa watu wa Marekani. Vizazi kwa vizazi vimeutunza mti huo. Mtu aanzaye leo na mbegu hana vizazi hivyo mkononi. Lakini tawi nene la mti uliokwisha kukua lina miaka yake tayari, limepinda na gome lake limekauka. Lililokosa ni mizizi tu. Ndipo Wajapani hutumia kazi waiitayo toriki, yaani kuuchukua mti juu ya mti.

Kazi hiyo yajulikana sana kwa watunzaji wa Japani, kama wale wa Omiya, kijiji cha bonsai kilichoanzishwa mwaka 1925 na watunzaji waliohama Tokyo baada ya tetemeko kubwa la 1923. Huipendea hasa mti uitwao momiji, wenye majani kama vidole vya mkono, ambayo hugeuka mekundu kabla ya kupukutika. Msunobari, kinyume chake, ni mkaidi, aghalabu hukataa.

Sasa sababu yake. Maji hupanda kutoka mizizini kwa njia ya mti wenyewe ulio ndani, na chakula kitengenezwacho majanini hushuka kwa njia ya gome. Mtaliana Marcello Malpighi, katika karne ya 17, alivua gome kwa duara akaona uvimbe ukitokea juu ya jeraha. Chakula kimeshuka kikakuta njia imekatika. Basi mahali hapo hapo pakifunikwa kwa giza na unyevu, uvimbe ule hutoa mizizi, na wakati wote huo majani hayanyauki, kwa kuwa maji yangali yakipanda.

Sisi tulijifunza haya kwa hasara. Mbele ya nyumba ya wazee wetu ulikuwapo mkomamanga alioupanda mama yetu mwaka alioolewa. Barabara ilipopimwa ili ipanuliwe, shina lilipakwa rangi nyekundu, nasi tukaambiwa kwamba baada ya miezi saba litakatwa. Kulihamisha shina zima hatukuweza, maana mizizi yake ilikuwa imeingia chini ya msingi wa nyumba. Tukachagua tawi moja lenye unene wa sentimita nne, lililopinda vizuri.

Mara ya kwanza tulivua gome upana wa kidole kimoja tu, kwa huruma. Tukafunga, tukangoja miezi miwili. Tulipofungua hapakuwa na hata mzizi mmoja. Gome la juu na la chini lilikuwa limekutana tena, kana kwamba hatukufanya neno. Kosa letu lilikuwa hili: kati ya gome na mti uko utando mwembamba wenye utelezi, nao ndio uletao gome jipya. Tuliuacha. Miezi miwili katika saba ilikuwa imekwenda, na mama hakutuuliza kitu, jambo lililokuwa zito kuliko kuulizwa.

Mara ya pili tulivua upana wa mara moja na nusu ya unene wa tawi, yaani sentimita sita, tukaukwangua mti kwa kisu mpaka utelezi wote ukaisha na ukidole haukuteleza tena. Lakini tuliangalia kisu kisiingie ndani ya mti, kwa maana hiyo ndiyo njia ya maji, na ikikatwa tawi hufa. Ukingo wa juu uwe safi, usichanike, kwa sababu hapo ndipo mizizi itakapotoka.

Wajapani hufunga kwa kuvumwani, yale majani mororo yaotayo mahali pa maji, yaliyolowekwa kisha yakakamuliwa. Sisi tulitumia makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Lakini makumbi yaliyofukiwa ufukoni kwa ajili ya usumba yana chumvi. Yaoshwe mara nyingi kwa maji matamu. Tukazungusha plastiki safi, tukaikaza chini na juu, tukaifunika kwa karatasi nyeusi ili jua lisiivishe mizizi. Yakikauka, hutiwa maji kwa juu.

Wakati mzuri ni majani mapya yakiisha kukomaa. Huko Japani hufanya mwezi wa Mei au Juni; sisi tulifuata mvua.

Juma la tisa tuliona nyuzi nyeupe zikigusa plastiki. Hapa ndipo wengi huharibu kazi. Mzizi mweupe huvunjika kama tambi iliyokauka, nao hautoshi kulisha tawi zima. Tukangoja mpaka iwe ya rangi ya udongo na kugawanyika. Kisha tukalikata tawi kwa msumeno chini ya mizizi, tukapunguza majani kiasi, tukalipanda pamoja na makumbi yake bila kuyachambua, tukalifunga kwa kamba chomboni lisitikiswe na upepo. Likakaa kivulini majuma manne. Sinia fupi lingoje mwaka mmoja au miwili. Kwanza chungu cha kutosha.

Faida moja tuliyoiona baadaye ni kwamba mizizi ilitoka kando zote za duara, kama vidole vilivyoshika ardhi. Wajapani huiita nebari, nao huithamini sana, hata mti ulio mzuri juu na mbaya chini huutia mizizi mipya kwa njia hii wakautupa mguu wake wa zamani. Atakayefanya hivyo kwa shina zima aache tawi moja chini ya jeraha, ili mizizi ya zamani isikose chakula kabla ya siku ya kukata.

Mkomamanga wa mama ulikatwa siku iliyotajwa. Ule mdogo ukakaa barazani, maana mti wa namna hii hautaki kufungiwa ndani. Mwaka uliofuata ulitoa maua matano. Kanuni ni kuyaondoa, ili nguvu yote iende mizizini, nasi tukayaondoa manne. Mama alikuwa ameketi hapo hapo akitutazama, akasema, “Hilo moja liacheni.” Tukaliacha.