Mtoto Akiuliza Umri wa Nyota



Kijana wa mafundisho ya Kipaimara akiuliza iwapo kweli nyota zina mabilioni ya miaka, mara nyingine hujibiwa kwa ukali: "Unaamini Biblia au unaamini wanasayansi?" Jibu hilo huonekana kama kuitetea imani. Kwa maoni yangu, huibomoa.

Tutazame kwanza wanasayansi wamefanya nini. Mwaka 2008 Marekani ilirusha angani darubini iitwayo Fermi. Hunasa miale ya gama, mwanga wenye nguvu kubwa usioonekana kwa macho. Miale hiyo hutoka katika galaksi za mbali mno. Njiani hukutana na mwanga hafifu uliosambazwa na nyota tangu zilipoanza kuwaka, na sehemu yake hupotea. Ni kama taa ya gari katika ukungu: ukijua nguvu ya taa, utakadiria unene wa ukungu kwa jinsi mwanga ulivyofifia. Mwaka 2018 watafiti walitangaza matokeo ya kupima galaksi 739 kwa njia hiyo: nyota zilizaliwa kwa wingi zaidi yapata miaka bilioni 10 iliyopita, kisha kasi ikapungua.

Je, hapo Mungu amepunguziwa nini? Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha nani aliyeumba na kwamba kazi yake ni njema. Hakikuandikwa kiwe kalenda ya galaksi. Mtakatifu Augustino aliwaonya mapema Wakristo wanaosema ovyo juu ya mbingu na nyota kwa jina la Maandiko, maana wanaoyajua mambo hayo wataidharau na Injili yenyewe.

Tusikosee upande wa pili pia. Georges Lemaître, padre wa Ubelgiji, ndiye aliyependekeza mwaka 1931 kwamba ulimwengu ulianzia katika chembe moja. Hata hivyo, hakutaka nadharia yake igeuzwe uthibitisho wa dini. Alibaki padre na mwanasayansi hadi kifo chake mwaka 1966.

Wazazi na makatekista, mtoto akiuliza, msimkemee. Kama hamjui, semeni, "Tutafute pamoja." Mtoto akifundishwa kwamba kuuliza ni dhambi, atakwenda kuuliza kwingine, wala hatarudi kutuaga.