Mguu wa Paka na Foleni ya Malori
Hapa Tunduma, mji wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia, paka kuvunjika mguu si ajabu. Kinachonishangaza ni wepesi wetu wa kumtupa. Watasema fedha ya kumtibu paka ingemtibu mtoto. Hoja nzito, lakini mvunjiko ambao mfupa haujatoboa ngozi, daktari wa mifugo akishaukagua na kuufunga, mara nyingine hudai subira kuliko fedha: kizimba au boksi pana, wiki kadhaa bila kuruka. Ila huruma ya kumpa parasetamoli ya maumivu, hata kipande cha kidonge, yaweza kumuua, maana ini lake haliimudu. Sheria ya Tanzania ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamlinda paka pia, na wakulima wa mahindi wa mkoa wetu wa Songwe wanajua nani huwafukuzia panya ghalani.