Muguu wa Haliburton

Tuanze na mupira wa Waamerika, ule wa kushika na mikono. Tarehe 9 Februari 2025 Philadelphia walipiga Kansas City 40 kwa 22. Wakati wa mapumziko ilikuwa tayari 24 kwa 0! Hapo hakuna mabishano.

Basketi ndiyo inaniuma. Katika muchezo wa kwanza wa finale ya 2025, Tyrese Haliburton wa Indiana alifungia ekipe yake ushindi, 111 kwa 110, zikibaki sekunde 0,3 tu. Lakini katika muchezo wa tano aliumia nyama ya muguu wa kuume. Wa sita akacheza, wakashinda. Wa saba, tarehe 22 Juni, akatupia tatu za mbali, halafu chini: mushipa wa kisigino, muguu ule ule, umekatika. Oklahoma City wakabeba kombe, 103 kwa 91.

Munasema ni shujaa. Sawa, yeye mwenyewe alitaka kucheza. Lakini wewe ungekuwa munganga wake, ungemuruhusu? Mi ningekataa, hata anililie. Kijana wa miaka 25 hana muguu wa akiba. Shampiona iliyofuata hakucheza hata mara moja.